Nakshi za mlango wa bibi kwenye vito vya bibi harusi

Swali: Shikamoo, fundi. Nitaolewa baada ya miezi mitano hapa Dar es Salaam, na ningependa vito vya harusi yangu viwe vya kisasa lakini vyenye asili ya Kiafrika. Mbunifu niliyemwendea amenichorea kidani chenye ramani ya Afrika, hereni zenye umbo la ngao ya Kimaasai, na pete yenye alama ya Gye Nyame ya Ghana. Michoro ni mizuri, lakini kila nikiitazama sijioni ndani yake. Mama yangu ni mtu wa Lamu. Bibi aliniachia bangili mbili za dhahabu ya karati 22, zenye uzito wa gramu 38 kwa pamoja, na jozi ya mafurungu ya fedha, yale mapambo ya miguuni, ambayo hakuna anayeyavaa tena. Mchumba wangu angependa tanzanaiti iwemo, ikiwezekana kwenye pete. Nimeambatisha picha ya mlango wa nyumba ya bibi na picha ya gauni langu. Je, nianzie wapi, na je, niyayeyushe mafurungu? Na je, inafaa kuweka vipande vyeupe kama vile vya kiti cha enzi alichokuwa nacho babu?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na hongera. Mafurungu usiyayeyushe. Nitakuja kwenye sababu zake baadaye, lakini nimeona nilitangulize hili kwa sababu mafundi wengine wakishaona fedha ya zamani mkononi mwa mteja huwasha moto kabla hajamaliza kueleza alichokuja kutaka.

Kuhusu michoro uliyoonyeshwa, wala hujakosea kutojiona ndani yake. Gye Nyame ni mojawapo ya alama za adinkra za Waakan, na maana yake kwa ufupi ni "ila Mungu", neno ambalo hakuna muumini atakayelikataa. Hata hivyo, kitambaa cha adinkra, ambacho alama hizo hupigwa chapa kwa wino unaochemshwa kutoka kwenye magome ya mti, kwa muda mrefu kilikuwa vazi la msibani, na jina lenyewe linahusishwa na kuagana na marehemu. Siku hizi Waghana huzivaa alama hizo hata kwenye furaha, lakini wao wanajua wanachokifanya na wanaweza kukieleza. Wewe shangazi yako akikuuliza ukumbini, utabaki kusema kwamba uliipenda. Ngao ya Kimaasai nayo ilikuwa silaha ya ngozi ya nyati, na michoro yake ilimtambulisha morani anayeibeba, anatoka upande upi na ana sifa gani vitani. Mwanamke wa Kimaasai anayeolewa ana mapambo yake mwenyewe ya shanga, na ngao si mojawapo. Ramani ya Afrika sina la kusema juu yake zaidi ya kwamba inapatikana kwa wingi kwenye maduka ya uwanja wa ndege.

Kosa la michoro ile mitatu ni moja. Mbunifu amechukua picha ya kitu akaibandika juu ya dhahabu, kana kwamba asili ya Kiafrika ni nembo. Nakshi haifanyi kazi hivyo. Nakshi ni utaratibu: jinsi umbo moja linavyorudiwa, linavyofungwa na pindo, linavyochimbwa kwa kina fulani ili mwanga ulikamate kwa namna fulani. Anayetaka kuihamisha kutoka kwenye mti au kitambaa kwenda kwenye madini anapaswa kuuhamisha utaratibu huo, hata kama umbo lenyewe litabadilika njiani. Kwa hiyo shauri langu ni kwamba uchague kitu kimoja tu, kilichomo katika maisha ya ukoo wako, ukichunguze hadi ukijue, na kutoka hapo vitoke vito vyote. Kitu hicho tayari umenitumia picha yake.

Utazame tena ule mlango wa bibi. Katikati ya mabawa mawili kuna mfaa, ule ubao uliosimama wima, na juu yake fundi amechonga maua yaliyofungwa ndani ya duara, kila duara likishikwa na lenzake kwa utepe unaopita juu na chini kama msuko. Kwenye miimo, pindo la mnyororo mwembamba linapanda kutoka chini hadi kwenye kizingiti cha juu. Ukiikuza picha kwenye simu utaona kwamba kila mstari si mfereji wa mviringo. Ni mkato wenye kuta mbili zinazokutana chini kwa pembe kali, kama herufi V. Mlango hauhitaji rangi kwa sababu hiyo. Jua la asubuhi linapokuja kwa upande, ukuta mmoja wa mkato unapata mwanga na wa pili unabaki kwenye kivuli, na ua zima linaonekana kama limetoka nje ya mti. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, nakshi hiyo hiyo hulala.

Hapo ndipo ugumu wa kwanza ulipo. Mti hunywa mwanga, lakini dhahabu iliyong'arishwa huurudisha kutoka kila upande, kiasi kwamba kuta zote mbili za mkato zinametameta sawa na ua linapotea. Nimeona bangili za gharama kubwa ambazo ukizishika mkononi chini ya dirisha ni ajabu, ila chini ya taa za ukumbini ni bati linalong'aa. Kwenye fedha dawa yake ni rahisi: mifereji hutiwa weusi kwa salfa, kisha uso wa juu hung'arishwa, na nakshi husomeka hata kwa mbali. Dhahabu ya karati 18 na kuendelea haikubali weusi huo vizuri. Inabidi fundi afanye mojawapo ya mambo mawili: aikwaruze sakafu ya nakshi iwe na ukungu huku kingo za juu zikibaki kung'aa, au aitoboe kabisa kwa msumeno mwembamba ili kivuli kiwe cha kweli, cha ngozi yako au cha kitambaa kilicho nyuma yake. Mimi napendelea kutoboa, maana pia kunapunguza uzito, na nitaeleza hivi punde kwa nini uzito utakusumbua.

Ugumu wa pili ni wa ukubwa. Tuseme mfaa wa bibi una upana wa sentimita 12, na wewe unataka nakshi hiyo kwenye bangili yenye upana wa milimita 12. Umeipunguza mara kumi. Mshipa wa jani uliokuwa na milimita 3 umebaki na milimita 0.3, na hakuna shangazi atakayeuona kutoka kiti cha pili. Ua lenye majani 16 litageuka kuwa uchafu ndani ya duara. Kwa hiyo linachorwa upya: majani 8, duara nene zaidi, msuko wa nyuzi mbili badala ya tatu. Wapo wateja wanaodhani kwamba kupunguza majani ni kuivunjia heshima kazi ya wazee, lakini mafundi wa milango wenyewe walifanya hivyo hivyo; ua la kizingiti kikubwa si ua la sanduku dogo. Jaribio langu ni la bei nafuu: chapisha mchoro kwa ukubwa wake halisi, ukate karatasi, uifunge mkononi, kisha usimame mbele ya kioo hatua mbili nyuma. Kisichoonekana hapo kifutwe.

Lipo jambo la tatu ambalo wabunifu wanaotumia kompyuta hulisahau. Nakshi ya mlango ina chini na juu. Mmea hutoka kwenye kitako, mara nyingine kutoka kwenye umbo la samaki au mawimbi, ukapanda. Bangili haina chini wala juu. Inazunguka na kujirudia. Ukiunyoosha mfaa na kuukunja tu kwenye mkono, utapata mahali ambapo mzizi umegongana na kilele, na jicho la mtu aliyekulia kwenye nyumba zile litakwaruzika hata kama hajui kwa nini. Suluhisho ambalo nimelitumia ni kuweka kitako cha mmea kwenye bawaba ya bangili, chini ya kifundo cha mkono, halafu mmea upande kwa pande zote mbili na kukutana kwenye ua moja upande wa juu, mahali ambapo watu watakuwa wakiangalia unapopewa mkono wa pongezi.

Najua kuna watakaokuambia kwamba nakshi za mwambao si za Kiafrika, kwamba yungiyungi limetoka Bara Hindi na mnyororo umetoka Uarabuni. Usiwe na haraka ya kubishana nao, lakini pia usikubali kuyumbishwa. Nakshi za kuchimbwa zenye umbo la kijiometri, za mikono ya Wabajuni na mafundi wa Siyu katika kisiwa cha Pate, zina lahaja yake isiyopatikana Gujarat wala Muscat, na Siyu ilijulikana kwa useremala, kazi za ngozi na ufuaji wa fedha. Hata shanga za kioo ambazo kila mtu anaziona kuwa alama ya Umaasai zililetwa na wafanyabiashara kutoka Ulaya, na hakuna anayethubutu kusema kwamba kola ya shanga ya Kimaasai si ya Wamaasai. Kitu huwa cha watu kwa jinsi wanavyokipanga.

Sasa tuje kwenye mwili. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858, anamtaka akae kama bibi harusi, na anamtajia pambo la karibu kila kiungo: kugesi miguuni, makoa mikononi, kidani na kifungo shingoni, pete vidoleni, hina kwenye kucha, wanja machoni. Ni orodha ndefu, na anayeisoma leo anaweza kudhani ni ruhusa ya kuvaa kila kitu kwa pamoja. Lakini mwanamke yule alivaa nguo isiyo na taraza kubwa, na nyumba yake iliangazwa kwa taa ya mafuta. Gauni lako, kwa picha uliyonitumia, lina shanga nyeupe kuanzia kwenye kola hadi kifuani, na mikono mirefu ya kitambaa cha wavu kilichotariziwa. Gauni hilo limekwisha kuchukua shingo na mikono. Kidani kizito juu yake kitapigana nalo, na kitashindwa, kwa kuwa shanga za gauni ni nyingi zaidi na zinatembea unapotembea.

Ndiyo maana napendekeza ugawe. Siku ya nikahi na gauni, vaa hereni na pete tu, na hereni ziwe za kuonekana chini ya shela bila kuivuta. Usiku wa kupamba, ambapo kina mama watakuja kukutazama wewe na si ukumbi, vaa vazi lisilo na taraza shingoni, ukiweza kisutu chenyewe, leso ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo ni ya maharusi, na hapo ndipo kidani, makekee, yaani bangili za bamba, na mafurungu vitoke. Mapambo hayo yalibuniwa kwa ajili ya hadhara ya namna ile. Nikiruhusiwa kusema ukweli wangu, seti za vipande saba vinavyofanana kabisa, zinazouzwa kwenye sanduku la mahameli, zimewaharibia maharusi wengi sura. Vinachosema vyote ni kwamba vilinunuliwa siku moja.

Kwa kidani usitumie nakshi ya mfaa. Muulize mama yako kuhusu zidaka, vile vishubaka vya lipu vilivyopangwa kwa safu kwenye ukuta wa chumba cha ndani katika majumba ya mawe ya Lamu, ambavyo viliwekwa sahani na vyombo vya kauri, na mbele yake ndipo maharusi walipoketishwa watazamwe. Umbo la kidaka ni tao dogo lenye ncha, ndani ya fremu ya mraba iliyochimbwa. Likichorwa kwa urefu wa milimita 34 hivi, linakuwa kipande cha kifuani chenye kina, na ndani ya tao pana nafasi iliyorudi nyuma, kama ile ya bakuli la kauri. Hapo ndipo ningeliweka jiwe la mchumba wako.

Ninajua kwamba yeye alilitaka kwenye pete. Mweleze kwa upole. Tanzanaiti ilitambuliwa mwaka 1967 kwenye vilima vya Mirerani, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Simanjiro, na haichimbwi mahali pengine popote duniani, kwa hiyo nia yake ni njema na jiwe linastahili kuwemo. Lakini ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambapo yakuti ni 9 na almasi ni 10. Vumbi la kawaida la nyumbani lina chembe za mchanga wenye ugumu wa 7. Pete ya ndoa inapika, inafua, inagonga bomba la maji. Baada ya miaka michache uso wa jiwe unafifia kama kioo cha saa ya zamani. Isitoshe, jiwe hilo lina upande ambao hupasuka kwa urahisi likigongwa, na halipendi joto la ghafla. Mwaka wangu wa tatu wa kazi nililetewa pete ya tanzanaiti ipanuliwe kidogo. Niliona uvivu kulitoa jiwe, nikalifunga kwa karatasi iliyolowa maji, nikaelekeza moto upande wa pili wa pete. Nilisikia mlio mdogo, kama punje moja ya bisi kwenye sufuria. Jiwe lilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo, na nilikatwa gharama yake kwenye mshahara kwa miezi minne, bila kinyongo, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Ndani ya kidaka, jiwe limekingwa na kuta za dhahabu pande tatu, haligongani na kitu, na rangi yake ya bluu inayogeuka zambarau itakaa mahali ambapo mwanga wa usoni unafika. Fundi alifunge jiwe mwisho kabisa, baada ya kulehemu na kung'arisha kwote, na kamwe lisisafishwe kwa mashine ya mtetemo. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi ya mtoto vinatosha. Kama mchumba wako bado anataka jiwe la nyumbani kwenye pete, lipo lile la kijani lililopewa jina la Tsavo, linalochimbwa Kenya na Tanzania. Ugumu wake unafika 7 na kidogo, halina ule udhaifu wa kupasuka kwa upande mmoja, na likiwekwa dogo, limezama usawa wa pete, litamfaa mtu anayetumia mikono yake.

Tukamilishe hesabu ya dhahabu. Karati 22 ina maana ya sehemu 916 za dhahabu halisi katika kila 1,000, kwa hiyo bangili zako za gramu 38 zina dhahabu halisi ya takriban gramu 34.8. Ukitaka kazi ya karati 18, yaani sehemu 750, fundi ataongeza fedha na shaba hadi upate takriban gramu 46. Wazee watakuambia kwamba kushusha karati ni kuiharibu dhahabu, na katika suala la kuiuza siku ya shida wana hoja, kwani mwambao mzima unaamini 21 na 22. Lakini nakshi yenye kingo kali kwenye karati 22 ni kama nakshi kwenye sabuni. Baada ya miaka mitano ya kusuguana na nguo kingo zimelainika na ua limekuwa kivimbe. Vitu visivyo na nakshi ya kuchimbwa, kama pete nyembamba na mkufu, unaweza kuvibakiza katika karati 22 kwa sehemu ya dhahabu yako. Kidaka na hereni vifanywe kwa 18. Jambo moja la tahadhari: bangili za zamani huwa na lehemu kwenye maungio, na lehemu ina dhahabu pungufu. Zipimwe kabla ya kuyeyushwa, ili baadaye usije ukamlaumu fundi kwa tofauti iliyokuwapo tangu siku za bibi.

Je, gramu 46 zinatosha kwa makekee mawili pia? Chukua bamba lenye urefu wa milimita 160, upana wa 12 na unene wa 1.2, ambao ndio unene wa chini ninaoukubali kwa nakshi ya kuchimbwa bila bamba kupinda. Kwa dhahabu ya karati 18 bamba hilo lina uzito wa takriban gramu 36. Kekee moja imekula karibu kila kitu. Kwa fedha ya 925, bamba hilo hilo lina gramu 24, na fedha bei yake ni ndogo mno ukilinganisha. Makekee ya asili yalikuwa ya fedha kwa kawaida, na sioni aibu yoyote katika bibi harusi kuvaa dhahabu kuanzia shingoni kwenda juu na fedha kuanzia viwiko kwenda chini, mradi nakshi ya pindo iwe moja pande zote. Kuchanganya madini kunaonekana kama uzembe pale tu ambapo hakuna kinachoviunganisha vipande. Pindo la mnyororo kutoka kwenye miimo ya mlango, likizunguka kidaka kwa dhahabu na likizunguka kingo za kekee kwa fedha yenye weusi, litafanya kazi hiyo bila kelele.

Na mafurungu? Yapime kwanza. Mafundi wengi wa fedha wa Oman na wa mwambao waliyeyusha riale za Maria Theresa, sarafu yenye tarehe ya 1780 ambayo iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo kwa vizazi, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000. Ukiyeyusha mafurungu ya namna hiyo, unapata fedha iliyo chini ya 925, ambayo itabidi iongezewe fedha safi, na thamani yake kwa gramu haitakununulia hata kitambaa cha mkoba. Unachokipoteza ni alama za nyundo za mtu aliyekwisha kufariki, bawaba aliyoifanya kwa mkono, na mikwaruzo ya miguu ya bibi yako. Yasafishwe kwa maji na sabuni, usiruhusu mtu ayang'arishe kwa mashine hadi yawe meupe kama mapya, pini ya bawaba ikaguliwe, na uyavae kama yalivyo usiku wa kupamba. Kama yana nakshi yake, fundi anaweza kuchukua alama yake kwa nta bila kuyadhuru, na pindo hilo likaingia ndani ya pete yako, upande unaogusa kidole, mahali ambapo utajua wewe peke yako.

Uliuliza pia, mwishoni mwa ujumbe wako, kama inafaa kuweka vipande vyeupe kama vya kiti cha enzi alichokuwa nacho babu. Vile vilikuwa pembe za ndovu, na biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Usinunue hata kipande unachoambiwa ni cha zamani. Magamba ya kasa wa ng'amba nayo yako katika kundi hilo. Mfupa wa ngamia au wa ng'ombe uliosuguliwa vizuri, ukikaa kwenye mpingo, unatoa weupe na weusi ule ule wa kisutu, na ningeutumia kwenye hereni: tone la mpingo jembamba, kichwa cha dhahabu, mstari mmoja wa mfupa. Mpingo ni mwepesi kuliko dhahabu mara nyingi, na ndewe za masikio yako zitakushukuru saa nne usiku. Hereni moja isizidi gramu 8.

Kuhusu kazi yenyewe, omba mfano wa shaba kabla ya dhahabu kuguswa. Siku hizi wengi huchora kwa kompyuta, wakachapisha nta na kumimina, na siipingi njia hiyo, ila kompyuta huchora nusu ya ua kisha ikaigeuza, na matokeo yake ni ulinganifu ambao hakuna fundi wa Lamu aliyewahi kuufikia wala kuutafuta. Mwambie mbunifu aichore kwa mkono kutoka kwenye picha, aiingize kwenye kompyuta bila kuisawazisha, na baada ya kumimina, mikato ipitiwe tena kwa kalamu ya chuma, kwani mimino hulainisha pembe ya V ambayo ndiyo roho ya nakshi hii. Makubaliano yaandikwe: uzito ulioingia, karati, upungufu unaoruhusiwa wakati wa kuyeyusha na kupiga tupa, na kwamba vumbi na chenga ni mali yako. Bangili zipimwe mbele yako, kwenye mizani unayoiona.

Miezi mitano inatosha iwapo michoro itakamilika ndani ya wiki nne za mwanzo. Mfano wa shaba upewe wiki tatu, na ukiupata uvae nyumbani siku nzima, pika nao, sali nao, uone unakwaruza wapi. Mpelekee na mtu wa hina mchoro wa kekee mapema, ili aache ngozi wazi kwa upana wa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono. Hina ikifika hadi kwenye bangili, nakshi zote mbili hupotea, na mara nyingi ni bangili inayolaumiwa. Na ukipata nafasi ya kufika Lamu kabla ya hapo, chukua karatasi nyembamba na penseli laini, uiweke juu ya mfaa, usugue taratibu kutoka chini kwenda juu. Picha ya simu hainipi kina cha mkato, na karatasi hiyo ndiyo nitakayohitaji kuanzia nayo.